Mwosha Akishika Mkono Wako

Siku ya kwanza tulipoutazama ule mchezo wa televisheni, tuliokuwamo sebuleni kwangu Mishomoroni ni hawa. Mimi Mwanakombo binti Shee, mwenye nyumba. Mwanaisha, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Fatma aliyetangulia mbele ya haki, nimemlea tangu ana meno ya utotoni. Mama Njeri, mpangaji wangu wa chumba cha uani, mtu wa bara, hatuna undugu ila wa ukuta mmoja na bomba moja la maji. Swaleh wa Bakari, kijana wa nyumba ya tatu, aliyeitwa kuitengeneza dekoda, akaitengeneza, asiondoke. Sababu ya kutoondoka kwake ilikuwa imeketi mkekani inamenya ndizi, na mimi nikajifanya sioni. Na kwenye kiti cha karibu na mlango, viatu vyake amevigeuza vikaelekea nje kama kawaida yake, Mwosha.

Wengine nimewataja kwa majina na kwa wazazi. Huyu namwita Mwosha kwa sababu mtaa mzima ulimwita hivyo. Ndiye aliyewaosha wanawake waliokufa, akawavisha sanda, akawasitiri. Mimi watu wananijua kwa kushika majina ya watu. Ukitaka kujua fulani ni wa nani, babake alioa wapi kwanza, nani alimnyonyesha nani, unaletwa kwangu, na nakujibu nikichambua mchicha. Mtu mmoja tu aliyenishinda ni huyu. Mimi aliniambia ametoka Vanga. Mama Njeri alimwambia Takaungu. Marehemu Bi Rukia alimwambia Faza, tena akamtajia na msikiti. Mtu mwenye kwao kutatu ama hana kwao, ama ana sababu. Kwa hivyo kuzaliwa kwake na nasaba yake msinitazamie nizieleze.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kigeni, umetiwa Kiswahili na watu ambao Kiswahili chao hakijaiva, lakini maana ilifika. Wako watu wamezaliwa na vipawa. Mmoja anasikia linalonong'onwa mji wa pili. Mwingine anapita ukutani kama anapita pazia. Msichana mmoja akishika chuma kinalainika kama unga wa chapati. Na yuko mwanamume mmoja mwembamba, mpole, mwenye adabu zake, aliyezaliwa hana chochote. Basi kazi yake ni kuwatafuta hao. Anabisha hodi, anasalimu, anaketi, anamshika mtu kifundo cha mkono kama daktari anayepima mapigo, haachii mpaka mapigo yasimame. Akitoka pale, kile kipawa kinatoka naye.

"Huyo jamaa ni mbaya, shosho," Mama Njeri akaniambia. "Na vile anaongea polepole. Hao wa polepole ndio wabaya."

"Atashikwa tu," akasema Swaleh, akimtazama Mwanaisha kama kwamba yeye ndiye atakayemshika.

"Maskini," akasema Mwosha.

Mwanaisha akageuka. "Maskini nani, bibi? Msichana wa chuma?"

"Huyo mwanamume. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, njoo, keti hapa nikufunze. Wote wanacho na wote wamefumba mikono."

"Lakini anaua."

"Anaua, na ataulizwa. Na hao waliofumba, hawataulizwa?"

Mimi niliitazama mikono yake juu ya mapaja, mikavu, myeupe kwenye vidole kwa kuoshwa kila mara na ndimu, na shaka yangu iliyokuwa imelala ikaamka, ikajinyoosha. Kwa maana yule mwanamume wa televisheni mimi nilikuwa namjua miaka mingi. Alikuwa akivaa buibui.

Nianze na chumvi. Bi Rukia wa Mzee Sudi alikuwa mpishi wa harusi na wa futari ya msikitini. Mwezi wa Ramadhani mpishi amefunga, na wengi huogopa hata kugusisha ulimi, kwa hivyo ndio mwezi wa vyakula kuzidi au kupungua. Kwa Bi Rukia haikuwa hivyo. Alikuwa akifunua sufuria, anauacha mvuke umpige usoni, anakunja shingo upande wa kushoto, anafumba macho, kisha anasema, "Bado kidogo," au, "Imetosha." Hakukosea. Wapo waliomwekea chumvi mara mbili kwa siri kumjaribu, akawauliza kama wana ugomvi na watu wa msikitini.

Bi Rukia akaugua kifua. Kifua tu, cha kikohozi. Mwosha akaanza kwenda kwake kila baada ya Alasiri na chupa ya tangawizi, anaketi ukingoni mwa kitanda, amemshika kifundo cha mkono. Kikohozi kile kikamwondoa. Mwosha akamwosha. Ramadhani iliyofuata tuko uani kwa msikiti, mimi nakata vitunguu, Mwosha akaja kwenye sufuria kubwa ambayo hakuwahi kuisogelea maisha yake, akafunua, mvuke ukampiga, shingo ikakunjwa kushoto. "Bado kidogo." Kisu kikanisimama mkononi. Ilikuwa shingo ya Rukia ile.

Wakati wa kufuturu nilionja kwa hamu, namwomba Mungu iwe imezidi. Ilikuwa sawasawa.

Kisha Bi Zuhura, mkandaji wa wazazi. Mwanamke akijifungua alikuwa akiitwa Zuhura kumkanda, na alipokukanda ulikuwa ukirudi kuwa mtu. Naye aliugua, naye akaketiwa kitandani, naye akashikwa mkono. Haikupita miezi Mwosha akawa anaitwa kukanda wazazi. Mikono iliyomgeuza maiti jana, leo iko juu ya tumbo la mzazi. Wengine walikataa katakata. Waliokubali walisema si mikono yake, ni ya Zuhura, hata maneno ni yale yale, "Jilegeze mwanangu, hapa hapana adui."

Sasa nieleze desturi yetu, msije mkadhani ni wivu wa kizee. Kwetu kazi ya mkono haichukuliwi hivi hivi. Mwenye kazi akiona amechoka anamwita anayetaka kumrithisha, wanashikana mikono mbele ya shahidi, inasomwa fatiha, kisha anatamka, nimekupa. Hapo kazi imehama na radhi yake. Asiyepewa hivyo, akifanya, tunasema amedokoa. Nani alikuwa shahidi wa Rukia? Nani alisoma fatiha ya Zuhura? Niliuliza nyumba zote mbili. Watoto wao waliniambia walikuwa sebuleni na wageni. Chumbani alikuwamo mgonjwa na Mwosha.

Mama Njeri hakuwa akiyaamini haya mpaka yalipomfikia shingoni, tena shingo ya mwanawe. Watu wa bara hawajui kula samaki, wanatafuna kama mahindi. Basi Njeri akakwamwa na mwiba wa samaki changu, mtoto anatoa macho, mamake anapiga kelele uani. Mwosha alikuwa akipita. Akaingia, akamwinua kidevu, akampapasa shingo kwa kidole gumba kutoka juu kwenda chini, taratibu, huku akimpulizia utosini. Mwiba ukashuka. Njeri akaomba maji, kisha akaomba samaki aliyebaki.

Mama Njeri akamshukuru Mwosha mpaka akampigia magoti. Jioni yake nikamkuta kwenye bomba.

"Unajua," nikamwambia, "kupapasa mwiba hapa kulikuwa kwa Kadzo. Kadzo wa Karisa, Mgiriama aliyekaa pale penye duka la makaa sasa. Mwenye mbuzi wa maziwa."

"Na ako wapi?"

"Amekufa."

"Nani alimwosha?" Kadzo alisilimu uzeeni, na Mama Njeri alilijua jibu kabla sijalitoa. Akafunga bomba. "Shosho, huyo mama ni yule msee wa TV."

Tangu hapo tukawa wawili.

Nisimdhulumu lakini. Mtu hana upande mmoja. Kazi ya kuosha hakuipokelea chochote, hata chai ya nyumba ya msiba hakuinywa, maji alibeba yake kwenye chupa. Lakini sokoni Kisauni alikuwa akishindana juu ya nyanya mpaka muuzaji anamwambia chukua mama, chukua, uende. Maiti hakumwogopa, paka alimwogopa, paka akipita anapanda juu ya kiti na miaka yake yote. Msibani hatukuona chozi lake. Alilia kwangu, mbele ya televisheni, kipindi ambacho yule mwuaji ameketi peke yake mezani siku ya sikukuu, ana vipawa vya watu kumi kifuani na hana wa kumpakulia wali. Mwanaisha akampa leso afute macho. Mimi nikaitazama ile leso kwa muda kabla ya kuirudisha sandukuni, nikaifua kwanza.

Alinuka karafuu maiti na ndimu, harufu ambayo ikiingia mlangoni wagonjwa wanakaa wima. Akicheka hakufunua meno. Na alikuwa na neno lake, ukimuuliza lolote juu ya marehemu yeyote anakujibu hilo hilo: "Cha mtu hakizikwi. Mchanga haupiki, haukandi, haubembelezi."

Hilo la kubembeleza ndilo lililokuwa langu.

Binti yangu Fatma alikuwa na sauti. Si ya kuimba harusini, sauti ndogo ya ndani, lakini mtoto yeyote akiisikia alilala. Wanawake walikuwa wakimletea watoto wao wasumbufu kama wanavyopeleka nafaka kinuni. Fatma alipougua maradhi yaliyomchukua, mimi nilikuwa nahangaika na dawa na madaktari na Mwanaisha mdogo, na Mwosha ndiye aliyeketi. Nilikuwa nikiingia chumbani nawakuta wananong'ona, mkono ndani ya mkono, nikiingia wananyamaza. Binti yangu, na mimi mamake, wananyamaza.

Baada ya kumzika, siku moja napita nyuma ya nyumba ya watu, nikasikia mtoto analia, kisha nikasikia Fatma anambembeleza. Nilishika ukuta. Nilijua kabla sijachungulia. Alikuwa Mwosha, ana mtoto wa watu begani, anamwimbia kwa sauti ya mwanangu, na mtoto amelala.

Nilikwenda zangu. Sikumwambia neno. Lakini kuanzia hapo kila aliponisalimu nilimwitikia nikiwa nimeficha mikono ndani ya leso.

Mwaka jana presha ikaniangusha. Nikapelekwa hospitali, ulimi mzito, nikarudishwa nyumbani natembea kwa kushika kuta. Sikuwa nimekaa sana kitandani harufu ya ndimu ikaingia mlangoni. Mwosha akageuza viatu vyake, akaketi ukingoni.

"Pole, dada."

"Nimeshapoa."

"Alhamdulillahi." Akanisogelea. "Dada, hebu niambie. Bakari wa hapo nyumba ya tatu, nani alimnyonyesha, mamake alipokufa?"

Mwanaisha alikuwa amesimama miguuni pangu. Alikuwa ameshatusikia mimi na Mama Njeri, akanifanyia ishara kwa macho, mkono, bibi, ufiche mkono. Nikauvuta chini ya shuka, nikafumba macho, nikakoroma.

"Unakoroma vibaya, dada," akasema Mwosha. "Aliyelala kweli hakoromi kwa mpango."

Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Kila akija ana swali. Nani mtoto wa nani, nani alinyonya kwa nani, ndugu gani hawajijui kuwa ni ndugu. Hakuuliza habari za ugonjwa wangu hata kidogo. Rukia alikuwa na chumvi, Zuhura mikono, Kadzo mwiba, mwanangu sauti. Mimi nina majina. Nilikoroma mpaka koo likaniuma, na sikumpa hata moja, na nikapona. Mama Njeri akasema nimepona kwa sababu hiyo.

Ndipo Bakari akaja kuleta posa.

Alikuja na kakake Mzee Ali na mwalimu wa madrasa, wamevaa kanzu za kupigwa pasi. Swaleh anamtaka Mwanaisha. Hapakuwa na la ajabu, dekoda ilikuwa imeharibika mara nyingi mno mwaka ule kwa dekoda mpya. Tukazungumza, tukacheka, mahamri yakaliwa. Kisha Bakari akakohoa.

"Ila liko moja, mama. Wewe ndiwe unayelijua. Watoto wangu hawa wawili, Athmani na Swaleh, mmoja alinyonya hapa. Marehemu mke wangu alikuwa mtu wa kuingia na kutoka hospitali, na mimi nilikuwa dereva wa malori, niko njia ya Malaba. Nikirudi naambiwa, mtoto alikuwa kwa Fatma, Fatma kamnyonyesha. Ni yupi, sikuuliza. Mwanamume haulizi. Ni yupi, mama?"

Wasiojua niwaeleze. Mtoto aliyenyonya kwa mwanamke mpaka akashiba, si mara moja wala mbili, huyo ni mwanawe wa maziwa, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake, hawaoani. Kama aliyenyonya kwa Fatma ni Athmani, basi Athmani ni kaka wa Mwanaisha, na Swaleh yuko huru. Kama ni Swaleh, basi waliokuwa wakitazamana mkekani kwangu ni mtu na dadake.

Nikafungua kinywa nijibu. Ni jambo nililolijua maisha yote, sikuwa na haja hata ya kulitafuta. Nikalikuta halipo. Namwona Fatma kwenye kigoda, ana mwanawe Hamisi, kakake Mwanaisha, upande mmoja na mtoto wa Bakari upande wa pili. Yule mtoto wa pili hana uso.

Nyuma ya pazia vikombe vilivyokuwa vikigongana kwenye sinia vikatulia.

"Nipeni mpaka Ijumaa," nikasema.

Wakaondoka. Hawakuwahi kuniona nikiomba muda. Mwanaisha akatoka nyuma ya pazia, sinia bado mikononi.

"Bibi, si unalijua?"

"Nalijua. Limekaa mahali tu."

"Mahali gani?"

Hakulia. Alikwenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Jioni Swaleh alipita mbele ya nyumba mara kadhaa, hakubisha hodi, wala yeye Mwanaisha hakutoka, kwa maana hawakujua tena wasalimiane kama nani na nani.

"Limechukuliwa," nikamwambia Mama Njeri uani. "Nilificha mkono, lakini nilikuwa nikilala. Usingizini nani anajua mkono wake uko wapi?"

"Basi twende umuulize," akasema. "Mbele yangu. Akatae mbele yangu."

Miaka yote ile sikuwahi kuingia chumbani kwa Mwosha. Anakaa nyuma, karibu na kisima cha maji ya chumvi. Kitanda, msahafu, kamba ya nguo, kitambaa cheupe kimekunjwa juu ya kabati ambacho sikutaka kukitazama, na majani ya mkunazi ya kuoshea maiti yanakauka kwenye ungo. Alikuwa ameketi kitandani, mguu mmoja umevimba na umefungwa kitambaa. Sukari, akasema. Hakuinuka. Mama Njeri akabaki mlangoni.

"Karibu, dada. Umekuja kuleta au kuchukua?"

"Nimekuja kudai."

"Cha nani?"

"Changu. Na cha Fatma."

Akaokota jani la mkunazi, akalikunja. Nikamweleza posa, swali la Bakari, na uso uliokosekana. Nilisema kwa ukali, kama ninayemwita mwizi mlangoni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni Athmani," akasema.

"Umejuaje?"

"Fatma. Mama yao alikwenda hospitali mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda kumzaa Swaleh, akalazwa siku nyingi kabla ya kujifungua. Athmani alibaki, ndiye aliyenyonya na Hamisi. Swaleh alikuwa bado tumboni. Mara ya pili Swaleh ni mchanga, Fatma alitaka kumnyonyesha na maziwa yamekwisha, ameshamwachisha Hamisi. Akalia. Mukamkamua mbuzi wa Kadzo, mukamnywesha mtoto kwa kijiko. Ulimshika wewe mwenyewe, dada, ulikuwa na leso ya zambarau. Mbuzi alikuwa akiitwa—"

"Karembo," nikasema.

Na lote likarudi, kwa mkupuo, kama mlango uliokuwa umekwama kwa maji ya mvua. Karembo mwenye sikio moja lililochanika. Kadzo anamshika pembe. Kijiko. Kichwa cha Swaleh kwenye kiganja changu, kina nywele nyingi, na Athmani mkubwa anatambaa sakafuni na kumpigia kelele mbuzi. Uso wake nauona mpaka leo.

Furaha ilinijia, lakini haikuja peke yake. Mwenye kurudisha kitu alikuwa nacho.

"Kwa nini alikwambia wewe?" nikamuuliza. "Mimi si mamake?"

"Wewe ulikuwapo. Aliyekuwapo haambiwi. Alitaka awepo wa pili, kama ufunguo wa akiba. Alisema, mama anabeba vya watu wote, siku moja kimoja kitamwanguka."

"Na Rukia? Na Zuhura? Uliwashika mikono mpaka wakafa."

"Niliwashika mpaka wakafa. Wangeshikwa na nani? Watoto wao walikuwa sebuleni." Alisema bila hasira. "Waliniita wao, dada. Rukia alinifundisha chumvi kwa vikombe vya maji, kikombe baada ya kikombe, na kikohozi chake. Walitafuta wa kumpa, wakanipa mimi."

"Shahidi wako nani?"

"Wao."

"Wamekufa."

"Ndiyo." Akacheka ule mcheko wake usio na meno. "Mashahidi wangu wote nimewaosha mwenyewe."

Mlangoni Mama Njeri akajikunyata.

Mwosha akanyoosha mkono wake, kiganja juu. "Haya. Sasa niletee ya kwako. Siku ile hukuanguka wewe tu, na majina nayo yalianguka. Kama si Fatma, leo watoto wale wangeoana kwa kubahatisha au wangeachana kwa kubahatisha. Kesho watakuja wengine."

Nikautazama ule mkono. Nikamwona yule mwanamume mwembamba, adabu zake, salamu zake, anavyoketi. Nikamwona Mwanaisha anaosha vikombe safi. Mwanaisha ni mtoto mwema lakini jina la babu yake wa tatu hulitafuta mpaka kwenye simu, na simu haina. Nikifa na majina haya, nayo ni ya mchanga, na mchanga, kama alivyokuwa akisema huyu huyu, haufanyi kazi.

"Nataka shahidi," nikasema. "Mama Njeri, ingia."

"Shosho, mimi si Mwislamu."

"Una macho?"

"Ninayo."

"Basi ingia, utazame mkono wangu. Ukiona nalegea, uuvute."

Akaingia, akasimama karibu kabisa, mkoba wake ameushika kwa mikono miwili kama atampiga mtu nao. Nikasoma fatiha. Nikampa Mwosha mkono. Vidole vyake vikashika kifundo, vikavu, vya baridi, na nikaanza na Bakari, kwa kuwa ndiye aliyeniulizia kwanza: alinyonyeshwa na Mwana Esha wa Kombo, mamake alipofariki, na kwa hivyo ni ndugu wa watoto wote wa Kombo. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Hakuandika, hakurudia, alikuwa akitikisa kichwa tu, kama anayeviweka rafuni kimoja kimoja. Ilipoadhiniwa Alasiri nilikuwa nimefika Kiembeni, kwa wajukuu waliohamia huko, na koo limekauka. Alinipa maji ya chupa yake. Hajapata kumpa mtu.

"Nimekupa," nikatamka.

"Nimepokea."

"Bado moja. La kwako sijui. Wewe ni nani, na ni wa nani?"

Akaniachia mkono. "Langu nitampa atakayeniosha."

Njiani Mama Njeri alinishika bega. "Uko sawa, shosho? Unajua jina yangu?"

"Mama Njeri. Wambui binti Kamau, na mamako Nyambura."

"Uko sawa," akasema.

Ijumaa nikawaambia. Mwalimu wa madrasa akasikiliza habari ya kijiko na mbuzi, akafikiri, akasema mbuzi hana undugu na mtu. Bakari akapiga goti lake kwa kiganja. "Karembo. Yule mbuzi alinitafunia kofia yangu ya Idi." Nyuma ya pazia sinia likaanguka, vikombe vyote, na hakuna aliyekasirika. Wameoana. Pilau ilikuwa sawasawa, mnajua nani alisimama penye sufuria, na mguu wake umefungwa vile vile.

Lakini sikufichi wewe msomaji. Tangu siku ile ya kisimani yako majina yanayonichelewesha. Mke wa pili wa Mzee Sudi, kwa mfano, nimemtafuta tangu asubuhi. Mwanaisha anasema ni presha, na ni umri. Huenda. Mwosha bado yu hai, mguu haujapona, na juzi nilimsikia barazani anamwambia mtu fulani ni wa nani mpaka babu wa nne, anajibu huku anachambua mchicha, kama nilivyokuwa nikijibu mimi.

Kwa hivyo mnaosoma, ikiwa nimemkosea mtu jina, au nimempa baba asiye wake, au mtoto nimemweka kwenye ziwa lisilo lake, njooni mnisahihishe, sitachukia. Mkiona mimi mwenyewe sina jibu, nendeni nyuma, karibu na kisima cha maji ya chumvi, mumuulize yeye, atakuwa nalo. Semeni nimewatuma mimi. Ila mikono yenu iwekeni ndani ya leso.